Mama, Mgeni na Mkoba wa Mahameli

Nataka ijulikane kwamba mimi ndiye niliyeushika ule mkoba kabla ya mama. Siku hizi hadithi ikisimuliwa kwetu Kireka, inaanza na mama: mama alikutana na mgeni, mama akafundishwa shanga, mama sasa anashona mikoba ambayo watu wanaiulizia mpaka kanisani. Hakuna anayesema kwamba mgeni aliingia kwanza kwenye chumba changu cha cherehani, pale barabara inapoteremka kutoka Kyambogo, na kwamba aliyempa kiti ni mimi.

Alikuja kutengenezewa zipu ya begi la safari. Nimezoea wateja wa namna hiyo, wanafunzi na walimu wa chuo, kwa hiyo sikumtazama sana. Nilianza kufumua zipu ya zamani, naye akatoa vitu vyake ili nipate nafasi ya kufanya kazi. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe cha pamba. Alikifungua mapajani, nadhani ili ahakikishe kwamba kiko salama, na mimi nikaacha kazi.

Ulikuwa mkoba mdogo wa kufunikwa na viganja viwili, wa mahameli iliyokuwa nyeusi zamani na sasa imeelekea rangi ya kahawa. Juu yake palikuwa na maua na ndege mmoja, vyote vya shanga za kioo, ndogo kama punje za ulezi. Lakini shanga zenyewe hazikulala juu ya kitambaa kama shanga ninazozijua. Zilikuwa zimenyanyuka. Kila mstari ulijikunja kama mgongo wa paka anayejinyoosha, maua yakawa na unene, na ndege alikuwa na kifua. Nilimwomba nikapewa. Nilipitisha kidole juu ya ua moja, nikahisi vilima vyake. Nimeshona mikoba ya ngozi, ya turubai na ya kitenge tangu nilipotoka shule, na siku ile niliona kazi yangu yote ni bapa.

Mgeni alifurahi kuona navutiwa. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni wa watu wanaojiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu, mataifa sita yaliyoungana tangu kale, na kwamba taifa lake ni Mohawk. Ardhi yao imekatwa na mpaka wa Kanada na Marekani, kama vile jamaa za baba yangu wa kaskazini mwa Uganda walivyokatwa na mpaka wa Sudan na wa Kongo. Alikuja Kampala kwa mkataba wa kufundisha wauguzi. Mtaani walikuwa wakimwita Mhindi kwa sababu ya nywele zake nyeusi zilizonyooka na ngozi yake, naye alicheka akasema kwamba hata kwao waliitwa Wahindi kwa miaka mingi, na hata huko walikosea.

Mkoba haukuwa urithi kutoka kwa bibi yake kama nilivyodhani. Aliununua katika duka la vitu vya zamani. Wanawake wa kwao walikuwa wakishona mikoba ya aina hiyo kuwauzia watalii kwenye maporomoko makubwa ya maji, na mikoba ikatawanyika duniani, bila majina ya walioishona. Sasa wajukuu wanaitafuta na kuinunua tena. Alisema huenda huu ulishonwa na mama wa bibi yake, huenda na jirani, hajui, lakini kila akisafiri husafiri nao.

Nilimuuliza kama anajua kushona hivyo. Akasema anajua. Nikamwomba anifundishe, akakubali bila kufikiri. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, na sikumbuki mara ya mwisho kufurahi kiasi kile kwa jambo lililokuwa langu peke yangu.

Tulienda pamoja soko la Kikuubo kutafuta vifaa. Muuza vitambaa alipoona tunataka mahameli nyeusi kipande kidogo, alituuliza kwa upole nani amefariki, kwa maana wengi huinunua kwa ajili ya majeneza. Shanga ndogo tulizipata kwa mfanyabiashara wa Kikenya, ndani kabisa, baada ya kupita maduka ya ndoo na ya sabuni. Mgeni alizimimina kiganjani na kuzichagua moja moja, akitupa zile zenye tundu bovu. Tulikubaliana aje Jumamosi.

Jumamosi hiyo mama alikuwa kwangu.

Lazima nieleze kidogo kuhusu mama. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na sisi tulizaliwa kambini, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kila mtu kwa sababu kila mtu ametoka mahali pengine. Kiswahili cha mama ni kile cha kambi, hakijali ngeli, kinakwenda moja kwa moja kama amri. Changu mimi kimenyooka kwa sababu nilipokuwa mdogo, baba alipohamishwa, nilipelekwa Kisumu kwa shangazi. Ndugu zangu walibaki na mama. Nilirudi nimemaliza shule, mrefu kuliko mama, nikawakuta ndugu zangu wanajua mambo yake yote: wimbo anaouimba akipepeta mchele, mguu unaomsumbua wakati wa mvua, namna anavyokohoa akiwa amekasirika. Mimi nilimjua kama mtu anavyomjua mkuu wa shule. Hata leo, ndugu zangu wengine wameolewa mbali na wengine wako jeshini, mimi niliye karibu ndiye ninayempelekea unga na mkaa, na bado tukikaa pamoja tunazungumza habari za unga na mkaa.

Baada ya baba kufa, mama alijiunga na wanawake wa kilimani kwetu wanaoviringisha shanga za karatasi. Alikata magazeti, akaviringisha, akapaka vanishi, akazianika kwenye nyuzi kama samaki, mpaka macho yakaanza kumsumbua akaacha. Kwa hiyo mgeni alipoufungua mkoba mbele yetu, mama hakuutazama kama mimi nilivyoutazama. Aliuchukua, akauleta karibu na uso, akaingiza ukucha wa kidole kidogo chini ya mstari wa shanga.

Akauliza, "Hii ndani iko nini?"

Nikatafsiri. Mgeni akasema ni karatasi. Unakata umbo la ua kwenye karatasi ngumu, unalishikiza kwenye mahameli, kisha unapitisha uzi wenye shanga kutoka ukingo hadi ukingo, na karatasi inabaki humo ndani siku zote. Nikatafsiri hilo pia. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka mkono kifuani.

"Karatasi tena," alisema. "Mimi nakimbia karatasi, karatasi nafuata mimi."

Mgeni hakuhitaji tafsiri ya kicheko. Alisogeza kiti chake kutoka upande wangu akakiweka upande wa mama. Hakufanya kwa nia yoyote, nafasi upande ule ilikuwa na mwanga zaidi. Lakini nilikiona kiti kikihama, na naweza kuonyesha mpaka leo miguu yake ilikuwa wapi kabla na baada.

Kuanzia hapo Jumamosi zilikuwa za mama. Mwanzoni walikutana kwangu, kisha mama akasema chumba changu kina kelele za cherehani, wakahamia kwake Kireka. Mimi nilikaribishwa, sisemi sikukaribishwa. Nilifunga mapema nikapanda kilima, nikawakuta wamekaa mkekani mlangoni, nta ya nyuki kwenye kisosi, uzi umepakwa nta, na mama akiwa ameegemea karibu na mwanamke yule kama wanaonong'onezana siri. Nilipewa sindano kama wao. Nilishona kama wao.

Ila shanga zangu hazikunyanyuka. Siri yake ni rahisi kuisema: unatunga shanga nyingi kuliko nafasi uliyonayo, ili zikose mahali pa kulala, zilazimike kuinuka. Mimi niliyezoea kupima kitambaa mpaka unywele wa mwisho, mkono wangu ulikataa kuweka ziada. Kila nikitunga, nilitunga zile zinazotosha. Zikilala, nilizifumua. Nikiongeza, zinalegea na kuning'inia kama mkufu uliokatika. Mama alitunga bila kuhesabu, akavuta, na ua likasimama.

Mgeni alinitia moyo. Mama aliangalia kazi yangu akasema, "Wewe iko mkono ya mashine," akarudi kwenye yake. Sidhani alitaka kuniumiza. Alikuwa anataja jambo analoliona. Lakini mimi nilikaa na maneno hayo wiki nzima, nikikanyaga cherehani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kilichoniuma zaidi ni Kiswahili. Mgeni alijifunza upesi, na alijifunza kwa mama. Miezi michache tu akawa anazungumza Kiswahili cha kambi, cha wake wa polisi, kwa lafudhi ya kwao: "Mama, mimi iko njaa kidogo." "Mama, hii uzi nakataa." Watu wa kilimani walikuwa wakitoka nje kumsikiliza. Mimi nilipofika kutoka Kisumu na Kiswahili changu cha shule, mama alikuwa akinijibu kwa ufupi, na ndugu zangu walinicheka kwamba nasema kama redio. Sasa mtu kutoka ng'ambo ya bahari anakosea kila ngeli iliyopo, na mama anamwitikia kwa kicheko, anamrudishia sentensi nyingine yenye makosa zaidi. Na alimwita Mama. Najua, mwanamke mzima yeyote hapa huitwa Mama, muuza nyanya humwita hivyo na kondakta humwita hivyo. Lakini mgeni alilitamka kama mtu anayeweka kitu mezani kwa mikono miwili.

Waswahili husema mtu ana roho ya kwa nini. Mimi nilikuwa nayo. Kwa nini yeye, kwa nini mkekani, kwa nini sasa. Nilikuwa nikimwona mgeni akimtilia mama uzi kwenye sindano, kwa kuwa mama hakuona tena tundu, na nilitamani sindano ile ipotee. Kisha nilitia sukari kwenye chai yake nikamkabidhi kwa heshima, maana hakuna alichonikosea.

Siku moja alileta stroberi kutoka duka kubwa, zimepangwa kwenye kikasha. Nilikuwa ndani, nikiosha vikombe, na mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia akimweleza mama kwamba kwao tunda hilo ndilo la kwanza kuiva mwaka unapoanza kupata joto, na watu hushukuru kwa ajili yake, na ndiyo maana wanalishona kwenye mikoba. Akasema pia wazee wa kwao husimulia kwamba mtu akifa, njia anayopita imeota stroberi pande zote mbili, naye hula akitembea.

Mama akauliza, "Na kama mutu alikuwa polisi, napewa pia?"

Mgeni akasema anadhani polisi pia hupewa.

"Bwana yangu alipenda kitu tamu," mama akasema. "Alikuwa naficha sukari ndani ya kofia ya kazi."

Niliacha kikombe ndani ya maji. Baba yangu alikuwa akificha sukari ndani ya kofia ya kazi. Nilikuwa binti yake, nilimzika, nikatunza kaburi lake, na jambo hilo nililisikia mara ya kwanza likiambiwa mtu mwingine, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya mlango kama mwizi. Sikutoka mpaka nilipohakikisha uso wangu umekauka.

Mama alikataa kushona stroberi, na maua pia aliyachoka. Alitaka ndege wake mwenyewe. Mgeni alitaja ndege kadhaa wazuri wa Uganda, pamoja na yule korongo mwenye taji aliye kwenye bendera. Mama akasema huyo hamwoni popote isipokuwa kwenye bendera. Ndege anayemwona kila asubuhi ni kalooli, yule mkubwa wa majalala, mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, anayesimama juu ya taka kama karani aliyekosa mshahara. Basi akamshona kalooli. Alikata umbo lake kwenye kipande cha katoni ya sabuni, akatafuta shanga za kijivu, nyeupe na za rangi ya nyama mbichi kwa ajili ya kile kifuko, na akamnyanyua mgongo wote kwa mistari minene. Ilimchukua miezi. Mgeni alipomwona amekamilika alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamtazama kwa muda mrefu. Ndege yule mbaya alikuwa amependeza. Alikuwa na macho ya mtu anayekujua.

Mimi nilikuwa tayari nimeukata na kuushona mwili wa mkoba, kwa bitana ya pamba nyekundu ndani na mshono usioonekana. Niliwaza moyoni kwamba mkoba ukiisha utakuwa wangu. Hakuna aliyeniahidi. Ila mama ana mabinti, na mabinti wengine hawakuwapo, na mimi ndiye niliyeushona mwili wake. Nilidhani hesabu hiyo inajifanya yenyewe.

Kisha ikaja siku ya hospitali. Jirani yangu wa chumba cha pili, mama wa Kikongo anayeuza vitenge, alichungulia mlangoni asubuhi akaniuliza mbona niko kazini. Nikamuuliza kwa nini nisiwe kazini.

"Ule binti ya mama yako amempeleka hospitali ya macho," akasema. "Niliwaona alfajiri kwa stendi."

"Binti gani?"

"Ule wa shanga."

Nilifunga chumba bila kuzima redio. Nilipofika hospitalini niliwakuta kwenye benchi la uani. Mama alikuwa amefungwa bandeji jicho la kulia, shingo imeinuliwa, na mgeni alikuwa akimpa uji kwa kijiko. Walikuwa wamemtoa mtoto wa jicho. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwambia mama aende kutazamwa, na kwa miaka miwili alinijibu kwamba anaona vya kutosha.

Mgeni aliponiona alisimama, akanipa nafasi yake, akaenda kuulizia dawa. Alielewa upesi, hilo nalo liliniudhi. Nilikaa nikakichukua kijiko. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia.

Alikunywa kwanza. Kisha akasema, polepole, bila ukali wowote, "Yeye haulizi mimi kitu. Wewe kila ukikaa karibu yangu naniuliza kwa nini nilipeleka wewe Kisumu. Hata kama umenyamaza, naniuliza."

Sikuwahi kumuuliza hata mara moja, na alikuwa amesema kweli. Niliendelea kumpa uji mpaka ukaisha, nikamfuta mdomo. Nilitamani sana kuwa mtu asiyeuliza. Nilimtazama mgeni dirishani kwa mfamasia, akiongea Kiswahili cha mama yangu na watu wakimsaidia huku wakitabasamu, na nikamwonea wivu kwa namna mpya. Si kwa alichopewa. Nilimwonea wivu kwa kuwa alikuja kwa mama akiwa hadai kitu.

Mkataba wake uliisha kabla ya mvua. Wiki ya mwisho alikuja kwangu peke yake kuaga. Tulikunywa chai. Nilimuuliza, kwa ajili ya adabu tu, nani alimfundisha shanga. Akasema si mama yake. Bibi yake alichukuliwa akiwa mtoto akapelekwa shule ya bweni ya serikali, mbali, na aliporudi mikono yake haikujua chochote cha kwao na mdomo wake uliogopa lugha yao, kwa hiyo bibi hakuwa na cha kumfundisha binti yake, wala binti huyo, mama wa mgeni, hakuwa na cha kumpa mgeni. Alifundishwa na mzee mmoja wa mtaa wa pili, mwanamke aliyempenda sana.

"Alikuwa na binti," akasema. "Binti huyo alikuwa akitoka chumbani kila nilipoingia. Sikuelewa kwa nini, mpaka nilipokujua wewe."

Ningependa kuandika kwamba maneno hayo yalinipoza. Hayakunipoza. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo na daktari mpole. Nilimshukuru, nikamkumbatia, nikamtakia safari njema, na nilimaanisha hasa ile safari.

Mama alimpa mkoba wa kalooli. Alimpa mbele yangu, uani kwake, umefungwa kwenye kitenge kipya, na mgeni aliupokea kwa magoti kama wanavyopokea wanawake wa hapa, sijui nani alimfundisha. Bitana yangu nyekundu ikaenda nao.

Baada ya hapo Jumamosi zilibaki tupu. Nilidhani mama ataacha shanga, lakini jicho lake lilikuwa limefunguka na hakutaka kulikalisha bure. Nilipanda kilima kama zamani. Mara ya kwanza nilipeleka unga. Mara ya pili alinisogezea kisosi cha nta, nikakaa mkekani, upande aliokuwa akikaa mgeni, nikapaka uzi. Jicho la kushoto lilikuwa bado halijatibiwa, kwa hiyo sindano nilimtilia mimi.

Tulikaa hivyo Jumamosi nyingi. Nilijifunza kunyamaza bila kuuliza, au nilijaribu. Siku moja alikuwa akishona jani, hakuinua uso, akasema kama anayeendelea na mazungumzo tuliyoyaacha muda mfupi uliopita:

"Wewe ulikuwa halii. Wale wengine nikiwaacha hata kwa jirani, walilia mpaka wanatapika. Wewe ulikuwa nasimama tu, naangalia. Nikasema, huyu ataweza."

Nilipaka nta uzi uliokuwa tayari umepakwa. Nikiwa mtoto wa miaka saba nilisimama nikaangalia, na kwa sababu hiyo nikapandishwa basi. Ndugu zangu walilia, wakabaki. Niliwaonea wivu pale pale, wote kwa pamoja, watu wazima wenye watoto wao, kwa machozi waliyoyatoa miaka ile. Kisha nikamwambia mama kwamba nililia Kisumu.

Akaacha sindano. "Mingi?"

"Mingi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akarudi kwenye jani. Baada ya kitambo akaniambia niongeze shanga kwenye uzi wangu, niongeze tena, nisiogope. Nikaongeza. Siku ile mstari mmoja ulisimama. Uliofuata ulilala.

Mwaka jana jirani yangu Mkongo alimwoza binti yake, akataka mkoba wa bibi harusi. Mama alishona mahameli ya zambarau, maua meupe yaliyonyanyuka na majani ya kijani ya aina tatu. Mimi nilishona mwili, nikaenda Katwe kwa fundi wa vyuma akanikunjia fremu ya kufungia, nyembamba, yenye mlio mzuri ikifungwa. Nilimrudishia mara mbili mpaka ikakaa sawa. Sherehe ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa lao, na wanawake walimzunguka bibi harusi wakiushika mkoba, wakigusa maua, wakiuliza ni kazi ya nani. Jirani alimnyooshea kidole mama. Wakamjia, wakampa mkono, wakamwita fundi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikiwa na sahani ya wali.

Mama aliomba auone mkoba. Bibi harusi akampa. Mama aliufungua, akaugeuza ndani nje, leso na rangi ya midomo vikaangukia mapajani mwake, akapitisha kidole kwenye mshono wa bitana kutoka kona hadi kona, mbele ya wanawake wote wale. Akawaambia, "Shanga iko yangu. Mukoba iko ya huyu." Akaugeuza tena, akarudisha vitu, akaufunga, akaomba soda.

Jioni hiyo alitaka kumwonyesha mgeni picha za harusi. Tulimpigia kwa video. Kwao ilikuwa bado mchana, akaonekana jikoni kwake, nywele zimefungwa, na ukutani nyuma yake kalooli ametundikwa kwenye fremu. Alimwita Mama. Mama akacheka kile kicheko cha mkono kifuani, wakaanza kuzungumza Kiswahili chao kibovu juu ya maua na bei ya mahameli na ndoto aliyoota mama. Niliwashikia simu. Mkono ulipochoka nilibadili mkono.